Mwaka wa Mabeseni ya Kijani

Mtu akiniuliza mama yangu alikuwa wa wapi, kwanza namwangalia mikono. Naangalia kama ameshika kalamu, kama ameshika simu, kama ana kitu cha kuandikia. Kisha ndipo namjibu, na jibu langu mara nyingi ni swali: "Unataka kujua ya nini?" Watoto wangu hunicheka. Wanasema mama yetu hata akisalimiwa anamtafuta aliyemtuma msalimiaji. Na wacheke. Hata habari ya kifo cha Wilondja iliponifikia mwezi uliopita, kwa ujumbe wa simu, kutoka namba nisiyoijua, sikulia. Nilijiuliza: nani kampa namba yangu, na kwa nini mimi? Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Papa Wilondja ametutoka. Matanga iko huku Ubwari. Alisema Riziki aitwe." Siku mbili nilikaa nayo kifuani. Siku ya tatu nikashuka ziwani hapa Baraka, nikapanda boti ya injini pamoja na akina mama wenye magunia ya unga, nikavuka kwenda kumlilia mtu niliyemharibia jina.

Mambo ya ukoo nayaruka, yaliniponza vya kutosha. Jueni hili tu: baba yangu alikuwa Mubembe wa Fizi, mama yangu alizaliwa juu milimani kwa Wanyamulenge wafuga ng'ombe, na baba alipokwisha kufa hakuna mtu mtaani kwetu aliyejua hilo ila mimi na mama. Majirani walimwita "mama wa Uvira." Hatukuwasahihisha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka ule habari za mapigano zilizoshuka kutoka milimani zilikuwa mbaya kila juma. Mtu wa kule akionekana sokoni, watu walinyamaza kwanza, kisha wakaanza kunong'ona. Mama alikuwa na nyumba yake ya bati, shamba lake dogo la muhogo, kiti chake kanisani, safu ya pili. Vyote hivyo vilisimama juu ya siri ile moja.

Ndipo ikaja labo. Chuo kikuu kimoja cha mjini kilipanga nyumba nyuma ya soko, kikaandika ukutani kwa rangi ya bluu neno "Laboratoire," na chini yake maneno marefu kuhusu utambulisho na watu wa tamaduni zaidi ya moja. Hayo marefu hakuna aliyeyasoma. Kwetu labo ni pale hospitali unapochomwa kidole watafute malaria. Kwa hiyo watu walikuja kuchungulia dirishani, wakaona meza tatu, viti vya plastiki, maua ya plastiki ndani ya kopo la maziwa, na sanduku la bati lenye kufuli mbili. Basi. "Labo gani haina hata sindano?" mama mmoja muuza nyanya aliuliza kwa sauti, nasi tuko ndani tunamsikia. Mwenzake akamjibu: "Banatafuta zahabu ya Misisi, usibaone vile." Wa tatu akasema pole pole, kama anayejua: "Hapana. Banahesabu batu. Wakimaliza kuhesabu, bengine batakuja na ile liste." Lisemwalo lipo, wazee walisema, na kama halipo laja. Mimi niliyekuwa nimeshaajiriwa mle ndani niliogopa kuliko wao.

Maana kazi yenyewe ilikuwa nini? Kuwatafuta watu wa damu mbili, na kuwauliza wanaishije. Mimi, mtoto wa damu mbili niliyejificha, nilichukuliwa kuwahoji wengine, kwa sababu niliisema lugha ya milimani. Mkuu wetu, Madame Odile, aliponiuliza nimejifunzia wapi, nilimwambia kwa marafiki wa kwaya. Aliniangalia kidogo, akaandika kitu. Sikulala vizuri siku ile. Madame alikuwa profesa, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, baba yake Mgiriki mfanyabiashara aliyeondoka kabla hajamwona, mama yake mtu wa ziwani upande wa kusini. Mtaani walimwita muzungu mweusi. Yeye alicheka tu. "Mi sina upande," alituambia. "Mi niko katikati, na katikati ndipo mawe ya pande zote yanaangukia." Wengine walisema maneno hayo ni ya kujipendekeza. Mimi nilimwamini, kisha nikajilaumu kwa kumwamini, kisha nikamwamini tena, hivyo hivyo mwaka mzima.

Saa sita tulikula pamoja pale pale juu ya meza ya kazi, karatasi zikisukumwa pembeni: bugali moto, sombe, majani ya muhogo, kwa mawese, na ndakala, dagaa wetu, waliokaangwa wakakauka. Madame Odile alikula kwa mkono, akilamba vidole, na watoto dirishani wakishangaa. Wa tatu wetu alikuwa Wilondja, mwana wa wavuvi wa Ubwari, amenizidi miaka minne, mrefu, mkimya, mwenye kinga yake, baiskeli nyeusi aliyoipangusa kila asubuhi kabla ya kujipangusa yeye mwenyewe. Yeye alihoji wanaume, mimi wanawake. Tulikwenda Nundu, tukapanda hadi Fizi kwa pikipiki, tukakaa kwenye vyumba vya watu milango imefungwa. Maswali ya Madame Odile hayakuwa ya karani. Hakuuliza kabila. Aliuliza: ukiota, watu wa ndotoni wanasema lugha gani? Ukikasirika unatukana kwa lugha gani? Matanga ikiwa pande mbili siku moja, unaenda wapi? Wanawake walianza kwa kunitazama mikono, kama ninavyowatazama watu leo, na mwisho walilia. Mmoja wa Nundu aliniambia, "Mwanangu, hakuna muntu aliyeniulizaka ile." Nami nilikuwa nimebana kalamu mpaka kidole kikauma, kwa kuwa hata mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kuhusu siri, Madame Odile hakuwa na mchezo. Majina yaliandikwa kwenye daftari moja, maneno ya watu kwenye daftari nyingine kwa namba tu, na daftari ya majina ililala ndani ya lile sanduku la bati. Kufuli mbili, funguo mbili: mmoja wake, mmoja wa Wilondja, halifunguki mpaka wote wawili wawepo. Alipokwenda mjini alimwachia Wilondja ule wake pia. Mimi sikupewa. Nilijiambia ni sawa, mimi ni mdogo, lakini moyo ulikuwa unauliza: kwa nini yeye? Alituapisha mbele ya Biblia, akasema jina likitoka hapa mtu anaweza kufa. Tuliapa. Nadhani hakuna watu walioficha majina kwa bidii kuliko sisi katika Kivu nzima.

Sasa sikilizeni ujinga wa watu wenye akili. Ikafika siku ya kuwashukuru waliohojiwa. Fedha, Madame Odile alikataa, alisema ni kununua maneno ya watu. Sabuni inaisha, chumvi ni kidogo. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ni mwanamke wa pale: nyumba yoyote inahitaji nini? Nikasema beseni. Kufulia, kuogeshea mtoto, kunawia wageni mikono, nani atakataa beseni? Tukaenda sokoni mimi na Wilondja. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshusha mzigo kutoka Kigoma juzi yake, mabeseni mapya ya plastiki, makubwa, ya kijani kibichi ambacho hakuna aliyekuwa nacho Baraka. Wilondja aliligeuza moja, akaligeuza tena. "Rangi moja tu, dada? Hakuna zingine?" Nikamjibu kwa haraka, jua linachoma: "Beseni ni beseni, kaka. Chukua zote, twende." Tukachukua zote. Tukagawa nyumba kwa nyumba, kila aliyehojiwa na lake. Likabaki moja, nami nikampelekea mama yangu.

Mama alilipenda, ee, alilipenda! Aliimba alipolisuuza mara ya kwanza. Jioni ile ile niliisogeza mbabula ya makaa karibu nalo mno, ukingo ukayeyuka, ukabaki na kovu jeusi lenye umbo la ulimi. Mama aligomba kidogo, kisha akasema sasa ni letu kweli, haliwezi kupotea. Kila asubuhi aliliegemeza mlangoni likauke. Kutoka barabarani ungeliona.

Kabla ya hapo kidogo, Jumapili moja, Wilondja alikuwa amekuja kwetu kula. Mama aliwapika mikeke, samaki wa ziwa letu, kwa nyanya na pilipili, na chumba chetu kidogo kikajaa harufu. Tulikula sisi wawili. Mama alikaa pembeni na sahani ya maharage, akisema tumbo lake siku hizi linakataa samaki. Siku zote lilikuwa linakataa. Alikulia kwa wafugaji, watu wa kunywa maziwa, samaki hakuwahi kumeza hata mmoja, ila alijifunza kuwapika ili majirani wasiulize. Nilipomsindikiza Wilondja, yeye akiisukuma kinga yake, alisema bila kunitazama: "Mama yako anajua kupika samaki, na yeye mwenyewe hakulaka." Nikaharakisha mwendo. Akaongeza: "Lakini mi sikuona kitu." Leo nayasikia maneno hayo yalivyokuwa, maneno ya mtu anayekufunikia. Siku ile niliyasikia kama kisu kinachonolewa. Mtu akikuambia hakuona kitu, si ameona?

Miezi miwili baada ya kugawa mabeseni nilikuwa naoga nyuma ya nyumba, kwenye boma la majani, nikawasikia majirani wawili upande wa pili. "Hata huyu mama wa Uvira?" "Hata yeye. Ni wa kule juu, mutoto wangu." "Nani alisema?" "Batu bote banajua sasa." Maji yalikuwa ya moto lakini nilisikia baridi mpaka kwenye meno. Juma lile kanisani watu hawakukaa safu ya pili karibu na mama. Jumatano, mchana kweupe, mawe yalianza kuanguka juu ya bati letu, moja, kisha moja, halafu mengi. Tulikaa chini ya meza, mama amenifunika kichwa kwa kitenge chake. Nyumba nyingine mbili zilipigwa siku ile, zote za watu tuliowahoji. Alhamisi asubuhi mama alifunga nguo ndani ya kitenge hicho hicho akapanda gari la Uvira, avuke aende Burundi kwa dada yake. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, mguu mmoja tayari juu ya gari: "Nani mwingine alijua?" Nikamjibu, "Wilondja." Sikumwona tena. Alifia kule kule, na shamba lake la muhogo wakalichukua wengine.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hilo ndilo nililomwambia Madame Odile siku hiyo hiyo, nimesimama mbele ya meza yake, vumbi la stendi bado miguuni. Nikamwambia majina yametoka. Nikamwuliza: funguo zote mbili alikuwa nazo nani ulipokuwa mjini? Nikamwambia Wilondja anauza majina. Sikumwambia alikula kwetu. Sikumwambia mama yangu ni nani, hata wakati ule sikumwambia! Aliziangalia kufuli za sanduku, zote nzima. Akamwita Wilondja aje na ufunguo wake, wakafungua, daftari ilikuwepo. Mimi nilibaki chumba cha pili, ukuta wa mbao, nikasikia kila kitu. Alimuuliza mara tatu. Wilondja alisema mara tatu, "Hapana, Madame." Akamuuliza, "Basi ni nani?" Nikasikia viatu vyake vikigeuka sakafuni, nami nikajua anaangalia mlango wangu. Kisha akasema, "Sijui, Madame." Aliweka ufunguo mezani, nikasikia chuma kinagonga mbao. Hakurudi tena. Habari ilienea, ikawa wazazi wakimwona wanawaita watoto ndani: yule ndiye aliyeuza majina ya watu. Mara ya mwisho nilipomwona Baraka alikuwa anatembea kwa miguu, hana kinga. Nikajiambia, ndiyo mshahara wa msaliti.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu alikuja haraka. Majuma matatu hayakupita, asubuhi niko ziwani nafua. Mbele yangu wanawake watatu wameinama majini, mbali mbali, kila mmoja na beseni la kijani. Msichana mmoja akamwambia mwenzake, wala hakunong'ona: "Unaona bale benye beseni ya kijani? Njo bale ba labo. Kila nyumba iko na ile beseni, mama ao baba ni wa kule juu. Hata mutoto mudogo anajua." Nilikaa chini ndani ya maji, nguo zangu zote. Daftari, kufuli, Biblia, namba, na kumbe tulikuwa tumewawekea watu alama mlangoni kwa mikono yetu wenyewe! Na la mama yangu, ambaye hakuwa hata kwenye daftari, nililibeba mimi kichwani nikipita katikati ya soko.

Ningeweza kwenda kusema. Madame Odile alikuwepo bado miezi minne. Kila asubuhi nilisema leo, na kila saa sita nilikula bugali yake nikinyamaza. Kumsafisha Wilondja kulikuwa ni kusema: ni mimi, mimi ndiye niliyemtoa mama yangu nyumbani kwake. Sikuwa na kifua hicho. Baadaye nikaona mabeseni yale yanapungua, leo hapa, kesho pale, mpaka yakaisha, wala mawe hayakupigwa tena. Nikadhani watu wenyewe wamegutuka wakayaficha. Nilipokwenda kufunga nyumba ya mama, maana tangu mawe yale sikulala tena pale, nikakuta la kijani halipo mlangoni, na mahali pake limewekwa beseni jipya la bati jeupe, lenye maua mekundu, limefunikwa kifudifudi. Nani anaacha beseni jipya kwenye mlango wa nyumba tupu? Nililiona kuwa dawa ya kuroga. Nililiona kuwa onyo. Nililisukuma kwa fimbo mpaka chooni, nikalitumbukiza.

Sasa mko nami Ubwari, mwezi uliopita. Matanga ilikuwa ya watu wengi, wanaume kwenye mikeka upande mmoja, akina mama jikoni, harufu ya samaki wa moshi kila mahali. Mjane wake, Mama Sango, mwanamke mfupi mwenye macho makavu, alinishika mkono kabla sijasema jina. "Njo weye Riziki," akasema. Nikaangalia mikono yake. Ilikuwa tupu. Akaniingiza chumba cha ndani, akainama, akavuta kutoka chini ya kitanda rundo limefungwa kwa kamba ya neti. Mabeseni ya kijani, yamepandana moja ndani ya lingine, rangi imepauka.

"Siye hatukuyatumiaka," alisema. "Alikatala. Na kutupa alikatala. Alisema nikitupa mu ziwa itaelea mupaka Baraka, muntu ataokota." Akanieleza pole pole, kama mtu anayepanga kuni. Wilondja alipofukuzwa aliuza kinga yake. Akanunua mabeseni sokoni, jekundu, la bluu, la bati, hakuna mawili yaliyofanana. Akapita nyumba kwa nyumba, Baraka, Nundu, mpaka Fizi, akisema labo imemtuma, ile plastiki ni mbaya, chukueni hili. Wengine walimtukana mwuza majina, huku wakipokea. Alichukua la kijani, akaenda nyumba ya pili.

"Aliwaambia nani alimsemea kwa Madame?" nikauliza.

"Alituambia. Alisema ni mutoto aliogopa juu ya mama yake." Mama Sango alikuwa anafungua kamba. "Iko moja ilimusumbuaka mupaka kufa. Ile nyumba ilikuwa bupwa, hakuna muntu. Aliacha ku mulango beseni ya maua, alichagua muzuri kupita zote, alisema yule mama alimupikia samaki. Lakini hakujuaka kama iliwafikia. Njo maana alisema uitwe. Iliwafikia?"

Miaka yote hii nimejibu maswali kwa maswali. Nilitafuta moja, sikulipata. Nikasema, "Ilinifikia, Mama Sango. Nikaogopa. Nikaitupa chooni." Ndipo nikalia, nikamlilia Wilondja, nikamlilia mama, nikalia kwa sauti mpaka akina mama wa jikoni wakaja kuchungulia mlangoni.

Mama Sango alichambua rundo, akachomoa beseni moja lenye kovu jeusi ukingoni, umbo la ulimi, akaliweka chini mbele yangu. Akachukua jagi, akamimina maji.

"Nawa mikono, dada," akasema. "Chakula iko inapoa."